Utando wa Seli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umbo Lake na Namna Unavyopitisha Vitu

Karibu kila mkanganyiko ninaokutana nao darasani kuhusu utando wa seli unaanzia kwenye mchoro. Mwanafunzi anachora duara, anaweka kiini katikati, kisha anavuta mshale hadi kwenye mstari wa nje na kuandika "utando wa seli". Mstari huo hauna unene, hautikisiki, wala hauna pa kupitia. Ukimwambia kwamba oksijeni inapita, ioni (chembe yenye chaji ya umeme) haipiti na glukosi inapita kwa masharti, anakariri tu, maana mchoro wake haumwelezi sababu. Majibu haya nimeyaandika ili uuone utando kama kitu chenye mwili na mwendo. Ukishauona hivyo, sheria za upitishaji hazihitaji tena kukaririwa.

Utando wa seli ni nini hasa?

Ni ngozi laini ya mafuta na protini inayoizunguka kila seli hai, iwe ya bakteria, ya mmea au ya mtu. Unene wake ni nanomita 7 hadi 8 hivi. Ungeweza kupanga tando 10,000 moja juu ya nyingine, na ndipo ungekaribia unene wa karatasi moja ya daftari. Hadubini ya kawaida haiwezi kuuonyesha. Unachokiona pale ni mahali sitoplazimu, yaani ujiuji wa ndani ya seli, inapokomea. Utando wenyewe ulianza kuonekana vizuri katika miaka ya 1950 kwa hadubini ya elektroni, ukiwa kama mistari miwili myeusi yenye nafasi nyeupe katikati, mithili ya reli.

Je, utando wa seli na ukuta wa seli ni kitu kimoja?

Hapana. Mimea, fangasi na bakteria nyingi zina ukuta nje ya utando. Ukuta wa mmea umejengwa kwa selulosi, ni mgumu, na hauchagui sana kinachopita. Kazi ya kuchagua ni ya utando. Seli za wanyama hazina ukuta kabisa.

Utando umejengwa kwa nini, na kwa nini una tabaka mbili?

Tofali lake kuu ni fosfolipidi. Molekuli hii ina kichwa chenye fosfeti, kinachopatana na maji, na mikia miwili ya asidi za mafuta inayoyakimbia maji. Sasa zitie molekuli kama hizi majini. Vichwa vinataka kugusa maji, mikia haitaki. Njia ya kuviridhisha vyote ni kujipanga safu mbili, mikia ikitazamana ndani, vichwa vikielekea maji ya pande zote mbili. Hakuna enzimu inayohitajika kuzipanga. Ni maji yenyewe yanayoisukuma mikia ijifiche. Ndiyo maana utando ukitobolewa tundu dogo, unajiziba. Ukingo wa tundu ungeiacha mikia ikiguswa na maji, na hali hiyo haidumu.

Kwamba tabaka ni mbili kuligunduliwa kwa njia rahisi ambayo mpaka leo inanifurahisha. Mwaka 1925, Evert Gorter na François Grendel wa Leiden, Uholanzi, walichukua seli nyekundu za damu, wakatoa mafuta yake yote kwa asetoni, kisha wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka la molekuli moja. Walipolipima eneo hilo, walilikuta ni mara mbili ya eneo la nje la seli walizoanza nazo. Seli nyekundu za mamalia zinafaa sana kwa jaribio hili kwa sababu zilizokomaa hazina kiini wala tando nyingine za ndani za kuchafua hesabu. Baadaye ilibainika kuwa walikosea mara mbili: asetoni haikutoa mafuta yote, na eneo la seli nalo walilikadiria kuwa dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo mawili yakafutana, na jibu likabaki sahihi.

Kama ni mafuta, mbona hayagandi? Na kwa nini watu husema utando ni majimaji?

Kwa sababu unatiririka kweli. Fosfolipidi moja hubadilishana nafasi na jirani yake karibu mara milioni 10 kwa sekunde. Sehemu ya mikia yake imepinda kama goti, na mikia iliyopinda haishonani ikawa ngumu. Halijoto ikishuka, bakteria na viumbe wengi wasio na joto la mwili la kudumu huongeza mikia iliyopinda ili utando usikakamae.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka kwa L. D. Frye na Michael Edidin mwaka 1970. Waliunganisha seli ya mtu na seli ya panya zikawa seli moja. Protini za juu za kila upande zilitiwa rangi yake, moja kijani na nyingine nyekundu. Mwanzoni kila rangi ilikaa nusu yake. Baada ya dakika 40 hivi katika nyuzi joto 37, rangi zilikuwa zimechanganyika kwenye uso wote wa seli. Kwenye baridi ya nyuzi 15 au chini ya hapo, mchanganyiko huo ulikwama. Protini zilikuwa zimeogelea. Mwaka 1972, S. J. Singer na Garth Nicolson wakaliweka jambo hili katika picha ambayo tunaifundisha hadi leo: mozaiki ya protini zinazoelea katika mafuta yanayotiririka.

Jambo moja ambalo wengi huliruka: molekuli hizi huteleza upande kwa upande kwa urahisi, lakini kupinduka kutoka tabaka la ndani kwenda la nje ni nadra, kwa sababu kichwa kinachopenda maji kingelazimika kukatiza mafuta. Kwa hiyo tabaka mbili za utando hazifanani. Fosfatidilserini, kwa mfano, hufichwa tabaka la ndani, na kuna protini maalumu inayotumia nishati kuirudisha kila inapoponyoka. Seli inapoanza kufa kwa mpango, fosfolipidi hiyo hujitokeza nje, nayo huwa ishara kwa seli mla-uchafu kwamba hii sasa imezwe.

Kolesteroli inatafuta nini ndani ya utando? Si ni kitu kibaya?

Bila kolesteroli, utando wa seli zako ungekuwa legelege kwenye joto na mgumu kwenye baridi. Molekuli yake ngumu hujichomeka kati ya mikia. Kukiwa na joto huizuia isitawanyike, kukiwa na baridi huizuia isishonane. Ubaya unaousikia unahusu kolesteroli iliyozidi kwenye damu, na hilo ni suala jingine.

Protini zinachukua nafasi kiasi gani, na zinafanya nini?

Katika utando wa nje wa seli nyingi za wanyama, protini ni takriban nusu ya uzito. Ukitaka kujua kama utando una kazi nyingi, tazama kiwango hicho. Utando wa ndani wa mitokondria, ambako ATP nyingi (molekuli inayobeba nishati ya seli) hutengenezwa, una protini karibu robo tatu ya uzito wake. Ala ya mielini inayofunika neva, ambayo kazi yake kubwa ni kuzuia umeme usivuje, ina kama robo tu.

Nyingine hupokea ujumbe wa homoni, nyingine ni enzimu, nyingine hushikilia seli na seli jirani. Baadhi hubeba minyororo ya sukari inayochomoza nje kama vitambulisho. Makundi ya damu A, B na O ni tofauti ndogo za sukari hizo juu ya seli nyekundu. Zilizobaki ni zile za kupitisha vitu, na ndizo zenye maswali mengi.

Ni vitu gani vinapita bila msaada wa protini?

Jiulize mambo mawili: je, kitu hiki kinaelewana na mafuta, na je, ni kidogo? Oksijeni na kaboni dioksidi ni ndogo na hazina chaji, kwa hiyo hupita kana kwamba hakuna kizuizi. Homoni za steroidi ni kubwa zaidi, lakini zinayeyuka katika mafuta, nazo hupita. Glukosi ni kubwa na inapenda maji, hivyo hukwama.

Ioni ndizo zinazowashangaza wanafunzi. Sodiamu ni ndogo sana, mbona isipenye? Kwa sababu haitembei peke yake. Chaji yake huvuta molekuli za maji zikaizingira, na kulivua vazi hilo ili kuingia kwenye mafuta kunagharimu nishati nyingi mno. Katika tabaka la mafuta lisilo na protini, ioni ya sodiamu hupenya kwa wepesi ulio chini ya ule wa maji kwa takriban mara bilioni moja. Kwa hiyo ukiambiwa "vitu vidogo hupita", usiishie hapo. Chaji ina nguvu kuliko udogo.

Usambaaji na osmosisi vinatofautianaje?

Usambaaji ni mwendo wa chembe kutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo, kwa sababu tu chembe hazitulii. Osmosisi ni safari hiyo hiyo kwa upande wa maji, kupitia utando unaoyapitisha yenyewe na kuzuia kilichoyeyuka ndani yake. Maji huelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Kosa ninalolisahihisha kila mwaka ni mwanafunzi kuandika kwamba "chumvi ilipita kwa osmosisi". Chumvi haipiti kwa osmosisi. Inayofanya osmosisi ni maji.

Lifanye jaribio hili angalau mara moja maishani. Bandua ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, iweke kwenye kioo cha hadubini pamoja na tone la maji safi. Utaona seli zimepangana kama matofali, kila moja imejaa rangi ya zambarau hadi pembeni. Sasa weka tone la maji ya chumvi kali upande mmoja wa kifuniko cha kioo, na uyavute maji ya zamani upande wa pili kwa kipande cha karatasi ya kufyonzea. Subiri huku jicho likiwa kwenye lenzi. Zambarau inaanza kuachana na pembe, inarudi nyuma, inakuwa donge dogo lenye rangi nzito katikati ya kisanduku kitupu. Kisanduku kile ni ukuta wa seli. Hakijasogea hata kidogo. Kilichojikunja ni utando, ukifuata maji yaliyotoka. Rudisha maji safi na donge litatanuka tena. Nimewahi kumwona mwanafunzi aliyechoshwa na somo zima akikataa kutoka kwenye hadubini baada ya kuliona hilo.

Seli nyekundu ya damu haina ukuta wa kuisaidia. Kwenye maji matupu hujaa hadi ikapasuka. Kwenye chumvi nyingi hunywea na kukunjamana. Ndiyo sababu maji ya dripu ya chumvi hutengenezwa kwa kiwango cha asilimia 0.9, ambacho seli haivimbi wala hainywei.

Kama katikati ni mafuta, maji yanapitaje kwa kasi?

Kiasi fulani hupenya mafuta yenyewe, polepole. Lakini seli za figo na seli nyekundu za damu hupitisha maji kwa kasi isiyoelezeka kwa njia hiyo, na kwa miaka mingi wataalamu walihisi kuna mfereji wasioujua. Peter Agre wa Marekani aliukuta bila kuutafuta: alikuwa akichunguza protini zinazohusiana na kundi la damu la Rh, akakutana na protini nyingine iliyokuwa tele kwenye seli nyekundu na haijulikani kazi yake. Yeye na wenzake waliichukua taarifa ya kinasaba ya protini hiyo, wakaiingiza kwenye mayai ya chura, kisha wakayatia mayai katika maji yenye chumvi kidogo. Mayai ya kawaida yalitulia. Yale yenye protini ngeni yalivimba na kupasuka baada ya dakika chache. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992, protini ikaitwa akwaporini, na mwaka 2003 Agre akapata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Roderick MacKinnon. Mfereji mmoja wa akwaporini unaweza kupitisha molekuli za maji zipatazo bilioni 3 kwa sekunde, zikiwa zimepanga foleni moja.

Kuna tofauti gani kati ya protini mfereji na protini mbebaji?

Mfereji ni tundu lenye lango: likiwa wazi, ioni hutiririka kwa mamilioni kila sekunde. Mbebaji hukamata kitu, hubadili umbo, hukiachia upande wa pili. Kwa kuwa lazima ageuke kila safari, kasi yake ni ndogo zaidi, na wabebaji wote wakishashikwa kazi, kuongeza glukosi nje hakuongezi kasi ya kuingia.

Usidhani mfereji hauchagui. Mfereji wa potasiamu huiruhusu potasiamu na kuizuia sodiamu, ingawa sodiamu ndiyo ndogo zaidi. MacKinnon alionyesha sababu mwaka 1998 alipolichora umbo la mfereji huo. Ndani ya sehemu nyembamba kuna atomi za oksijeni zilizopangwa kwa umbali unaoifaa potasiamu barabara, kiasi kwamba inapovua vazi lake la maji inapokewa na oksijeni hizo bila kupoteza kitu. Sodiamu ni ndogo mno kuzifikia zote, kwa hiyo haioni faida ya kuvua maji yake.

Njia zote mbili, maadamu kitu kinateremka kutoka penye kingi kwenda penye kichache, hazigharimu ATP. Tunaziita usambaaji saidizi.

Basi kwa nini seli ilipie nishati kusafirisha vitu?

Kwa sababu kuna vitu inavihitaji kinyume na mteremko. Ndani ya seli za wanyama kuna potasiamu kama milimoli 140 kwa lita, nje ni kama 5. Sodiamu ni kinyume: ndani 10 hadi 15, nje kama 145. Tofauti hiyo haijitunzi yenyewe. Inatunzwa na pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo kwa kila ATP moja hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Jens Skou wa Denmark aliitambua mwaka 1957 katika neva za miguu ya kaa, na Nobel ilimfikia mwaka 1997, miaka 40 baadaye.

Tofauti hiyo ya ioni, pamoja na mifereji inayovujisha potasiamu, huifanya seli ya neva iwe na kama milivolti 70 hasi upande wa ndani. Inaonekana kidogo, lakini imelala juu ya utando wa nanomita chache. Ukiikokotoa kwa kila mita ya unene, ni zaidi ya volti milioni 8. Hisia zako zote na kila pigo la moyo hutegemea mvutano huo.

Kwa nini anayeharisha hupewa chumvi na sukari pamoja? Si angepewa maji tu?

Swali hili ndilo ningependa kila mtu aondoke nalo. Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna mbebaji anayepokea sodiamu 2 na glukosi 1 kwa pamoja. Pampu ya sodiamu imeshaiweka sodiamu ndani iwe chache, kwa hiyo sodiamu inateremka kuingia, na glukosi inadandia safari hiyo. ATP haitumiki na mbebaji mwenyewe. Ililipwa tayari kwenye pampu. Robert Crane alilipendekeza wazo hili mwaka 1960, katika mkutano uliofanyika Prague.

Sasa tazama kipindupindu. Sumu ya bakteria wake huifanya seli ya utumbo imwage kloridi, na maji hufuata. Lakini haimgusi yule mbebaji wa sodiamu na glukosi. Mlango huo uko wazi bado. Ukinywa maji matupu, mengi hayafyonzwi. Ukinywa maji yenye chumvi na glukosi kwa kipimo, vyote viwili huingia pamoja, na maji huvifuata kwa osmosisi. Mchanganyiko wa ORS (pakiti ya chumvi na glukosi ya kutia majini) uliopendekezwa na WHO na UNICEF mwaka 2002 una sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75 kwa lita. Ulinganifu huo haukutokea kwa bahati. Na sukari ikizidi sana kipimo huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na kuharisha kukazidi. Ndiyo maana pakiti huchanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa, si kwa kukisia.

Vitu vikubwa, kama bakteria mzima, vinaingiaje?

Utando hujipinda, hukizunguka kitu, hujikata na kuwa kifuko ndani ya seli. Hiyo ni endositosisi. Kutoa vitu kwa kifuko kinachoungana na utando ni eksositosisi. Insulini hutolewa hivyo. Insulini nayo, ikifika kwenye seli ya msuli, husababisha vifuko vyenye mbebaji wa glukosi aitwaye GLUT4 kupanda juu na kuungana na utando. Seli haiufungui mlango uliokuwepo. Inaleta milango mipya kutoka stoo.

Je, kasoro ndogo kwenye utando inaweza kuleta ugonjwa mkubwa?

Ndiyo. Katika ugonjwa wa sistiki faibrosisi, mfereji wa kloridi uitwao CFTR haufanyi kazi sawasawa. Kasoro iliyoenea zaidi ni kukosekana kwa asidi amino moja tu, ya nafasi ya 508, katika protini yenye asidi amino 1,480. Kwa kukosa hiyo moja, protini haikunjwi vizuri na seli huiharibu kabla haijafika kwenye utando. Ute wa mapafu unakuwa mzito, na jasho linakuwa na chumvi kupita kiasi.

Utando ukimezwa kila mara kwenye vifuko, mbona seli haibaki uchi?

Kwa sababu vifuko vingine vinaurudisha juu kwa kasi ile ile. Makrofaji, seli inayomeza vijidudu, huingiza ndani asilimia 3 hivi ya utando wake kila dakika. Maana yake ndani ya nusu saa inakuwa imemeza eneo linalolingana na uso wake mzima, na bado ukubwa wake haubadiliki. Fosfolipidi mpya huchomekwa kwenye tando zilizopo tayari, hasa za retikulamu endoplazimu (mtandao wa tando ulio ndani ya seli), kisha husafiri kwa vifuko hadi uso wa nje. Seli haianzishi utando kutoka sifuri. Hurithi kipande kutoka kwa seli mama inapogawanyika, na kukikuza kutoka hapo.